Swali la Saba

Kibanda changu kina dirisha moja na jiko la kuni,
chini ya milima ya Tatra, pale lami inapokoma.
Kila asubuhi nafuta ukungu kiooni kwa kiwiko
na nje namkuta mtu mwenye viatu vipya
anayetaka kupanda kabla jua halijamtangulia.

"Subiri," namwambia. "Maswali saba tu. Si ya kodi."

La kwanza: njia ina alama nyekundu. Umeona njia ya mkato.
Unafanyaje?
Bwana Rastislav wa Žilina, jasho limeshamtoka,
anacheka: "Napita, shangazi. Kwani majani yatanishtaki?"
Nampa karatasi. Akakae benchini, asome tena.

La pili: ganda la ndizi. "Litaoza," wanasema wote.
Litaoza, ndiyo, kwa baridi ya huku litachukua muda wake,
na kabla halijaoza mbweha atakuwa amejifunza
kwamba binadamu ni sahani.

La tatu, mbwa. La nne: marmoti akipiga mluzi,
anakusalimu, au anawatangazia wenzake kwamba umefika?
Msichana mmoja wa shule, meno ya mbele hana,
alijibu: "Ananiita jina langu."
Nilimpa nusu alama,
nikajuta kutwa nzima kwamba sikumpa yote.

La tano, moto. La sita: radi, nawe uko juu mgongoni mwa mlima.
"Nasali," alisema bibi Kvetoslava.
"Sali huku unashuka," nikamwambia.

La saba ni kitindamimba, kila mtu analipenda: dubu.
Wamelikariri ndani ya treni:
usikimbie, usipige kelele, usimkazie macho,
sema kwa sauti ya chini, rudi nyuma taratibu
kama anayetoka chumba alimolala mtoto.
Sahihi. Napiga muhuri.
Miaka kumi na tisa napiga muhuri.

Mwaka juzi, Septemba, Vendelín mpagazi,
yule anayebeba kilo sabini za gesi na unga hadi nyumba ya wapandaji,
aliteguka goti huko huko juu. Nikapanda mimi na dawa zake.
Beri zilikuwa zimeiva. Upepo ulinipiga usoni,
harufu yangu ikabaki nyuma kama mtoto mvivu.
Kona.
Dubu jike. Hatua kumi na mbili, pengine kumi,
midomo rangi ya zambarau kama ya mwizi wa jamu.

Yote yalinitoka. Nilikumbuka tu kwamba niliwahi kujua.
Miguu ilikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa kosa.
Nikafungua mdomo, na kilichotoka, Mungu wangu,
kwa sauti ile ile ya dirishani:

"Swali la kwanza. Njia ina alama nyekundu.
Umeona njia ya mkato. Unafanyaje?"

Dubu akanyanyua pua. Alifikiri, naweza kuapa.
Kisha akaiacha njia, akapasua vichaka moja kwa moja,
akavunja kanuni waziwazi mbele ya mtahini
wala hakugeuka kuuliza amepata ngapi.

Nilikaa juu ya kokoto.
Sikukimbia: magoti yalikataa.
Sikupiga kelele: pumzi haikutosha.
Vyote sahihi, na hakuna hata kimoja nilichokuwa nakijua.
Vendelín alipata dawa saa nne usiku,
akalalamika kwamba supu imepoa.

Tangu hapo la saba naliuliza vingine:
umewahi kusahau jambo ulilolijua vizuri?
Ukabaki na nini?
Wengi wanaguna, wanatazama saa, wanauliza kama lina alama.

Leo Bwana Rastislav amerudi, mara yake ya tatu.
Amelisikia, akanyamaza
mpaka birika likaanza kutetemesha kifuniko.
Nimemmiminia chai.
Muhuri uko mezani, wino bado mbichi. Mlima haujaondoka.