Kichwa Kimoja

Kichwa cha tripodi ninacho kimoja tu.
Nilikinunua Ruwi, kwa Mmalabari aliyekuwa akifunga duka;
akakizungusha mara mbili mbele yangu, kimya, bila kukwaruza,
akasema: hiki kitakuzika.
Sikujibu. Nilikuwa nahesabu riali.

Alfajiri kinabeba lenzi kubwa,
kilo tatu na nusu, ndefu kama mkono wa mtoto wa darasa la pili,
hadi jaa la Amerat, nyuma ya milima isiyoota kitu,
mahali mji unapotupa magodoro yake.
Huko tumbusi hutua kwa mamia.
Hukaa juu ya mafriji yaliyokufa
kama watu wa ofisini wanaongoja chai.

Lenzi ile uzito wake uko mbele.
Usipoivuta sahani nyuma, vidole vinne hivi,
usipokaza springi mpaka namba saba,
huinama polepole, pua mchangani,
na tai uliyemngoja tangu sala ya asubuhi
anakuwa picha ya kopo la maziwa.
Ninayo hiyo picha. Imetoka safi; kopo linasomeka.

Namba saba, basi.
Hapo, hata ukiondoa mkono ukapiga chafya,
inabaki ulipoiacha,
inamtazama ndege bila wewe.

Saa nne narudi dukani, Wadi Kabir,
napangusa vumbi la jaa kwenye miguu mitatu,
natundika shuka jeupe.
Sasa ni lenzi ndogo, nyepesi kama andazi lililoumuka,
ya kupigia nyuso: pasipoti, leseni, kadi ya ukaazi.
Madereva, wapishi, mayaya,
wote huvuta pumzi wakaishika,
kana kwamba picha ni sindano.

Siku ile aliingia Bi Shinuna binti Muhenna,
na mkoba, na fimbo,
na Kiswahili chake cha Wete ambacho Maskati haikukigusa.
"Nipige, mwanangu. Pasipoti imekwisha, mimi bado."

Ni mfupi. Nikaiinamisha kamera kumfuata kitini,
nikaiachia, nimnyooshee ushungi.
Namba saba!
Sikuwa nimeigusa.
Springi iliyozoea mzigo ikakuta hewa,
ikainyanyua kamera kama mtu aliyeitwa jina lake msikitini,
nami nikashtuka, na rimoti mkononi ikashtuka nami.
Picha: kiyoyozi, mjusi,
na ncha ya ushungi chini pembeni.

Bi Shinuna alicheka hadi fimbo ikaanguka.
"Kumbe n'shakuwa mwepesi hivyo?
Nilishuka Matrah na mimba na masanduku manne.
Wachukuzi walinikimbia."

Nikashusha: saba, tano, tatu, mbili.
Kati ya namba na namba kuna mlio mdogo,
kama wa mtu anayevunja vidole.
Kichwa ni kilekile. Hakijui nani yuko mbele,
tumbusi au mama wa watu;
kinachokijua ni kile nilichosahau mimi.

Nikampiga. Macho mbele, mdomo umefungwa,
kama kanuni inavyotaka.
Akalipa, akahesabu chenji yake mara mbili,
kisha akataka na ile ya mjusi.
"Hiyo nayo yangu. Nilikuwemo."

Usiku mke wangu, Ghanima, alikitia kichwa nukta mbili
kwa rangi ya kucha, nyekundu,
moja kwenye saba, moja kwenye mbili.
"Usije ukatupiga sisi kama magodoro," alisema,
akapuliza zikauka.

Nukta ya mbili imeshafutika kwa gumba langu.
Ya saba bado inang'aa.
Jaa wameanza kulifukia, tumbusi wamehamia sijui wapi,
na lenzi kubwa imelala begini mwake, chini ya kaunta.
Jana niliisogeza nipate kufagia.
Nzito vilevile.