Tumbo Moja

Dawa za vidonda nimemeza mara tatu,
za duka la pale Keko Machungwa,
na bado, kila saa kumi alfajiri,
kuna mtu anakaza fundo ndani yangu.

Daktari Nakiete, Temeke, hakuniandikia kitu.
Kipimo safi. Choo safi.
Akachora kwa kalamu nyuma ya kadi yangu
bomba refu lililojikunja, na juu yake nukta, nukta, nukta.
"Hizi ni neva, mama. Mamilioni.
Zinasukuma chakula bila kungoja amri ya kichwa.
Zikiumia, zinapiga simu juu."
Kisha: "Lilianza lini?"

Nikasema mwezi wa tatu, mvua zilipoanza.
Kichwa kilitaja mvua.
Tumbo likataja hati ya nyumba,
sahihi ya Shomvi chini yake,
na chumba cha mama chenye kufuli la mtu mwingine.

Ndugu yangu wa tumbo moja.
Nilishasamehe! Niliwatangazia wote, msibani kwa mjomba.
Nilisamehe kwa mdomo, na mdomo ni mlango tu.
Huku ndani hawakuambiwa.
Wamekesha miezi saba
wakilinda nyumba iliyokwisha kuuzwa.

Leo nimepika uji wa ulezi, nimeupooza.
Simu iko mapajani.
Jina lake nimelifungua, nimelifunga.
Tumbo linanguruma.
Huenda ni njaa tu.
Nakunywa uji kwanza.