Mbukwa, Folda

Folda mia tatu na kumi na mbili,
kila moja na karatasi yake mlangoni:
humu jenga hiki, kisha shuka, ita watoto,
nao wakiitika waite wa kwao.
Zote aliziandika Ndahani kwa mkono
kabla hajahamia Kahama.

Sisi wa ghorofa ya tatu, Makole,
tunalima shamba moja la msimbo, watu ishirini na sita,
na hakuna anayejua mipaka yake yote.
Jumanne, Masinjisa aliongeza folda ya mizani,
ile ya kupimia zabibu za Hombolo,
akasahau kumwambia mzazi wake.
Mashine haikulalamika. Ilijenga, ikasema tayari,
na kule Hombolo kreti arobaini zilizojaa
zikasoma sifuri.

Bosi akauliza nani.
Tukatazama dirishani, upepo wa Agosti
ukibeba vumbi kana kwamba umetumwa.

Usiku huo nilibaki peke yangu.
Nikamkumbuka shangazi Nyemo wa Mvumi,
ambaye hakupi habari, hata ya msiba,
kabla hajauliza nyumba, na wa nyumbani, na watoto,
na watoto wa watoto, na ndama,
na yule mbuzi aliyechechemea mwaka juzi.
Utotoni nilikuwa nachoka kusimama.

Nikaandika mistari arobaini yenye adabu yake.
Inabisha: mbukwa, folda. Una nini humo?
Una watoto? Nao wana nini?
Ikimfikia asiye na mtoto inageuka,
inapanda ngazi kwa ngazi,
ikibandika karatasi mpya juu ya ile ya zamani.

Mara ya kwanza ilipotea.
Malipo anamsubiri Stoo, Stoo anamsubiri Malipo,
wakaamkiana, wakaamkiana,
hadi feni ya kompyuta ikanguruma
kama mashine ya kusaga ya Chang'ombe.
Nikaipa daftari: uliyemwamkia, usimrudie.

Saa tisa na robo. Sekunde kumi na tisa,
folda zote. Mizani imo.

Zote, ila moja, ngazi ya saba, chini kabisa.
Ndani hamna msimbo, kuna maneno ya Ndahani:
"Usiguse. Nitamalizia Jumatatu."
Tarehe ni ya miaka minne iliyopita.
Hakuna anayeitegemea. Kidole kilikuwa
tayari juu ya kitufe cha kufuta.

Nikaongeza mstari mmoja mwishoni:
ukifika hapa, amkia,
usiulize kitu,
pita.