Sarafu Yenye Tundu

Babu Torleiv ana kopo la biskuti
lenye malaika aliyebabuka uso.
Ndani mna øre: za shaba, za chuma cha enzi ya vita,
na chache nyeupe zilizotobolewa katikati
kana kwamba mtu alitaka kuchungulia
upande wa pili wa pesa.

Benki ilitangaza, ikatoa muda, muda ukapita.
Hakupeleka hata moja.
"Humu nina øre mia nne," hunitania,
"na huku mbili," akijishika kichwa,
"ila moja ya huku haipokelewi tena dukani."
Maana kwetu øre ni senti, na øre ni sikio,
na sikio lake la kushoto lilibaki mgodini,
hapa hapa Røros, kati ya baruti na mwamba,
kabla mgodi wenyewe haujafunga mdomo.

Mimi kazi yangu ni masikio.
Napima, nanong'ona, nabadilisha betri
zisizozidi punje ya dengu.
Leo nimemletea kifaa kipya. Hataki.
Sikio la kufa, nawaza, halisikii dawa,
wala halisikii mjukuu.

Basi nakaa. Theluji inapapasa dirisha.
Namuuliza, kwa sauti ya kuitia mbwa,
neno hili lilitoka wapi.

"Roma," anasema,
kama anayetaja kijiji cha pili.

Aureus: ya dhahabu. Ndivyo wasemavyo wasomi,
baadhi yao kwa kusitasita.
Likapanda kaskazini mikononi mwa wachuuzi wa ngozi,
likivua joho kila mpakani,
na lilipotufikia, watu walilipimia fedha:
eyrir moja kwenye mizani,
aurar nane zikatimiza marki.
Kisha fedha ikawa shaba, shaba ikawa chuma,
na jina la dhahabu likashuka ngazi, ngazi, ngazi,
hadi likawa kitu unachokiacha kaunta
bila kugeuka.

Kule Iceland, aurar ni vijisenti
na aur ni tope la mtoni.
Visiwani Faroe, oyra, kama sisi: senti, sikio.
Waswidi wametenganisha kwa irabu moja,
öre mfukoni, öra kichwani.
"Watu wa makabati," anasema Babu.

Na Kilatini chenyewe, namwambia,
kilikuwa na aurum na auris,
dhahabu na sikio, mlango kwa mlango.
Mfaransa: or, oreille. Mwitalia: oro, orecchio.

"Ndugu?"

Hapana. Majirani tu.

Anafikiri, ulimi ukitafuta jino lililokwisha ng'oka.
"Majirani wa miaka elfu mbili," anasema,
"huanza kukohoa sawasawa."

Sijui kilichoniingia.
Nilitogwa nikiwa na miaka tisa, na leo sikuvaa kitu.
Nachukua øre kumi yenye tundu,
napitisha waya mwembamba wa vifaa vyangu,
naining'iniza.
Baridi yake inanigusa shavu.

Babu anatazama. Anatazama sana.
Halafu anacheka hadi kopo linapiga kelele mapajani.
"Øre kwenye øre!
Na sasa thamani yake?"

Ile ile, Babu. Kumi.

"Nini?"

Kumi!

Ananisogezea sikio la kushoto, lile bovu,
na safari hii halindi kwa kiganja.
Nakitia kifaa. Nageuza kitufe. Anakunja uso
kama aliyemulikwa taa usingizini.

Anafumba macho, anachota sarafu,
anaziangusha moja moja mezani.
"Shaba," anasema. "Shaba. Hii chuma.
Shaba. Hii ilianguka vibaya, rudia."
Mikono yake inaongea na meza
lugha ambayo hakuna aliyeitoza kodi.

"Na hiyo?" Kidole kinaelekea shingoni mwangu.

Natikisa kichwa.
Anangoja, mdomo wazi kidogo.

"Tena," anasema.