Leja ya Stoo

Ngoma tatu zilifika Alhamisi kwa baiskeli,
zimefungwa kwa mpira wa tairi, vumbi la Isevya juu yake,
Nyanzala anasukuma, kijana wake ameshika nyuma.
Mwalimu mkuu alikuwa keshapiga mhuri:
kikundi watatupa Alhamisi, kipindi cha mwisho,
sisi tutawapa darasa la nne B kila Jumamosi
wafanyie mazoezi, mvua isiwafukuze.
Barua ya mistari sita. Basi.

Mimi kazi yangu stoo.
Nikafungua leja: kifaa, idadi, hali, thamani.
Ngoma, nikaandika. Tatu.
Hali: moja ina kiraka.
Thamani nikamuuliza mwenyewe.
Akafuta jasho kwa ncha ya khanga, akasema,
"Andika deni."
"La nani kwa nani?"
Akacheka, akaenda zake darasani.

Mwalimu Kaswamila hakucheka.
Darasa la saba wana mtihani Septemba,
sehemu zinawashinda, robo hawaijui na thumuni,
halafu tunawapigia ngoma?
Aliyasema hayo ofisini mpaka chai ikapoa.

Ila ngozi ya ngoma, Machi, mvua ikishakatika,
hulegea kama sikio la mbuzi,
haitoi neno mpaka iote moto.
Kuni hatuna.
Nikamwona Kaswamila anatoka
na bunda la mitihani ya miaka ile,
kalamu nyekundu, sifuri zimepigiwa mstari,
akachutama, akawasha kiberiti mwenyewe.
Tukazizungusha ngoma juu ya miali,
Nyanzala anagonga kwa kidole, anasikiliza:
bado,
bado,
haya.
Kisha kubwa ikalia mara moja,
ndogo mara mbili ndani ya pumzi ileile,
na Kaswamila mlangoni, midomo inahesabu.

Sifichi: Septemba matokeo hayakupanda sana.

Desemba nikahesabu stoo.
Ngoma: nne.
Nikahesabu tena, nikidhani ni macho.
Ya nne ni ya Limbu wa darasa la sita,
kipande cha gogo la mninga kwa seremala wa Cheyo,
ngozi ya mbuzi wa Idi, manyoya bado ukingoni,
imekaa upande kama kofia ya mlevi.
Inalia.

Miaka kumi na tisa leja hii
ina safu ya vilivyovunjika
na safu ya vilivyopotea.
Nikachukua rula na penseli,
nikachora nyingine pembeni.
Sijaipa jina.