Baba Anafuta "Kama"

Moncorvo, mwezi wa pili. Milozi imechanua
kabla haijaota jani hata moja.
Baba husimulia, mimi huchapa na kupamba,
na kati yetu mezani ipo riwaya ya vita vyake
ambayo kila usiku inapungua.

Niliandika: *mabegi yalikuwa mazito kama mawe.*
Kalamu nyekundu ikapita juu ya mawe.
"Mawe hayakuwapo. Kulikuwa na tope."
Niliandika: *hofu ilimtambaa mgongoni kama siafu.*
Akawafuta siafu, akaiacha hofu
peke yake, bila miguu.
"Lakini siafu walikuwapo, baba, ulinisimulia."
"Walikuwapo. Ndiyo maana. Wape sentensi yao."

Dona Belmira, shuleni, alitufunza
kwamba tashibiha ni kijiko
cha kumlishia msomaji asiyejua kushika uma.
Nilimwambia baba.
"Basi na ale kwa mikono."

Ilinichukua majira mawili ya baridi kuijua sababu.

Kule Gine, kambini, yeye pekee alikuwa na mwandiko.
Wenzake walileta sigara, naye akawaandikia barua.
Kwa mchumba wa Albano: *macho yako ni kama zeituni
zilizolala kwenye mafuta.*
Kwa mke wa Horácio: *siku zangu bila wewe
ni kama mkate uliosahauliwa chumvi.*
Sigara tatu kwa tashibiha,
istiari ilikuwa kwa mvinyo.
Wanawake wa vijiji vitano
walipendwa kwa mkono mmoja.

Zeferino hakuwa na mchumba. Alikuwa na mama.
"Mwambie sijambo."
"Hivyo tu?"
"Basi pamba kidogo, asije akakosa usingizi."
Baba akapamba:
*Mama, niko salama kama lozi ndani ya ganda lake.*

Jumanne barua iliondoka kwa helikopta.
Alhamisi Zeferino aliondoka kwa helikopta ileile,
amefunikwa turubai, buti moja nje.

Simu ya jeshi ilitangulia.
Barua ikafika siku kumi na moja baadaye,
padri akaisoma kwa sauti, akairudia
kwa kuwa mama aliomba.

Vita vilipokwisha baba alikwenda kwake.
Alimkuta na gunia la lozi mlangoni, la mavuno ya mwaka juzi,
halijaguswa, panya wameanza kulizoea.
Mama hakumuuliza habari ya risasi,
wala ya mahali, wala ya saa.
Alimuuliza: "Yale maneno ya lozi,
aliyasema mwenyewe?"
Baba akasema: "Mwenyewe."

Hapo tu. Amelibeba neno hilo miaka hamsini
hata bega halionyeshi alama.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema,
na mimi binti yake nilikuwa naupiga usufi huo
ufurike, ung'ae, upendeze machoni pa wageni.

Usiku huu imebaki "kama" moja.
Ukurasa wa themanini na tisa, mstari wa mwisho:
*Kama ningeandika "sijambo" tu.*
Nimemsogezea kalamu. Hakuichukua.
"Hiyo si ile," anasema.
"Ile hutafuta cha kufanana nacho."
Kisha akanyamaza, akakwangua nta mezani kwa ukucha.

Tukazikusanya karatasi. Akazipeleka stoo,
kwenye mizani ya kupimia lozi,
akaziweka juu ya sahani ya bati, taratibu,
akavaa miwani.
"Gramu mia nne na thelathini," nikamsomea.
Nje mtu alikuwa akimwita mbwa wake.
Baba aliitazama sindano hadi ikatulia.

"Pima tena," akasema.