Tatu Mara Saba

Mvua ya Rungwe haibishi hodi.
Hupanda juu ya bati la darasa la pili
ikaanza kufundisha yenyewe, somo moja tu,
tangu saa tatu hadi kengele ya uji.

Kabla ya masika haya nilikuwa mwimbishaji.
Tatu mara moja, tatu. Tatu mara mbili, sita.
Fimbo ubaoni, watoto nyuma yangu
kama lori la ndizi likipanda Isongole,
likikohoa, likisogea, likikohoa,
na kila siku likizimika palepale: tatu mara saba.
Nilidhani dawa ni kuimba kwa nguvu zaidi.
Ndivyo nilivyofundishwa,
na kiganja changu bado kinaikumbuka hesabu ile.

Jumanne sauti yangu haikuvuka hata dawati la mbele.
Nikafunga mdomo. Nikapiga magoti kwenye saruji ya baridi,
nikachora duara kwa chaki, na jingine, na jingine,
nikafungua mkoba, nikatoa maharage ya njano
niliyonunua asubuhi kwa mama Subilaga,
mboga yangu ya jioni.

Tatu humu.
Tatu humu.
Macho mia moja na kumi yalishuka pamoja na mkono wangu.
Duara la tatu nikatia manne, kusudi.
Ambwene, ambaye hajawahi kunyoosha kidole
ila kuomba kwenda chooni,
akatambaa, akalitoa lile la ziada, akaliweka kando,
akanitazama kama mtu aliyemfuma mgeni
akijipakulia nyama mbili.

Mvua ilipokatika ghafla,
swali la Tumpe likabaki juu, peke yake, likipiga kelele:
"Mwalimu, kuzidisha si vibaya?
Mama hukataza. Usizidishe chumvi. Usizidishe maneno."

Kitabu cha mwongozo hakina ukurasa wa swali hilo.
Nikajaribu: huku hatumwagi tu mpaka chungu kiharibike,
huku tunarudia kilekile, kwa kipimo kilekile,
duara lisimwonee wivu jirani yake.
Akafikiri, kidole puani.
"Kumbe hii mara ni ile ya hadithi.
Mara akaja mmoja. Mara akaja mwingine."
Ndiyo, nikasema, ila wote wamebeba mzigo sawa.

Tukatoka nje na matope yetu kutafuta vilivyo sawa.
Mbuzi watatu wa jirani, miguu minne minne: wakapita.
Madirisha, vioo sita sita, wakayakubali,
isipokuwa la kusini, limebaki na vitano;
hilo wakalikataa kwa sauti moja.
Lugano akasimama muda mrefu chini ya mgomba,
akihesabu mkungu, chane kwa chane, midomo ikicheza.
"Hii ina kumi na sita. Hii kumi na tatu. Ile juu, sijui."
Akatikisa kichwa.
"Huu hauzidishiki," akasema, kwa huruma,
kana kwamba mgomba umefeli mtihani.

Tuliporudi nilikuta maduara yameongezeka.
Nani aliyachora sikuuliza. Yalikuwa saba,
mengine yamepinda kama viazi,
na ndani ya kila moja, tatu, tatu, tatu.
Hakuna aliyeimba.
Ambwene alitembeza kidole, akiruka kundi kwa kundi,
akafika mwisho, akasema ishirini na moja
taratibu, kama mtu anayetaja jina lake
kwa mtu asiyemfahamu.
Lori likapita kilima. Nami nilikuwa abiria.

Jioni nimechambua maharage, yananuka chaki.
Ya sakafuni nimeyahesabu peke yake:
kumi na nane.
Nimerudia. Kumi na nane.
Hayakupungua mawili, wala manne.
Limeondoka kundi moja, zima,
mfukoni mwa kaptula fulani, au ndani ya ngumi,
liko njiani gizani kwenda kuoneshwa mtu.

Nimebandika sufuria.
Mvua imerudi juu ya bati.
Kesho nitanunua nusu kilo zaidi,
na nitaacha mkoba wazi.